Silikosisi ikiwa bado changa: jinsi ya kuyatunza mapafu yaliyobaki mazima

Mchimbaji mwenye silikosisi ya mwanzo, ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi la mawe, mara nyingi hajioni mgonjwa. Anashuka duarani (shimo la machimbo), anapanda, anabeba viroba, jioni anakaa kijiweni na wenzake. Kinachomsumbua ni kikohozi kikavu cha asubuhi na pumzi inayokatika kidogo akipanda mlima, na yote mawili ameshayapatia sababu: baridi, uchovu, umri. Halafu siku moja anapigwa picha ya kifua kwa shida nyingine kabisa, na daktari anaona vidoa vidogo vimetapakaa sehemu ya juu ya mapafu yote mawili.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefikia hapo, na wa mwenzi au ndugu anayeishi naye. Umeandikwa kwa kuwafikiria wachimbaji wadogo wa dhahabu na tanzanaiti wa Tanzania, watu wa makarasha (mashine za kusaga mawe) na waponda kokoto, kwa kuwa hao ndio wanaokula vumbi kuliko wengine wengi na ndio wanaochelewa kupimwa. Mchonga mawe, fundi wa kukata vigae kwa grainda au mchimba kisima kwenye mwamba atakuta mengi yanamhusu pia.

Kilichomo kifuani

Jiwe la kwazi, lile jeupe linaloambatana na dhahabu, limejaa silika, madini ambayo vumbi lake ndilo linaloleta ugonjwa huu. Likichorongwa, likilipuliwa au likisagwa, hutoa chembe za kila ukubwa. Zile kubwa hunasa puani na kooni, ukazitema au ukazimeza. Zinazofika chini kabisa kwenye vifuko vya hewa ni ndogo kuliko mikroni 4 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo vumbi baya zaidi ni lile usiloliona, lile linaloendelea kuelea shimoni nusu saa baada ya wingu la baruti kuonekana limetulia, wakati watu wanaanza kurudi ndani wakiamini hewa imesafika.

Chembe ikifika huko chini, seli za ulinzi huimeza. Haziwezi kuiyeyusha, zenyewe hufa, chembe hutoka ikiwa vilevile, na seli nyingine huja kuimeza tena. Kila mzunguko huacha uvimbe, na uvimbe huacha kovu. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kuendelea polepole hata baada ya mtu kuacha kazi, na ndiyo maana hakuna dawa inayoondoa kovu lililokwisha kujengeka. Sehemu ya pafu isiyo na kovu, ambayo katika hatua za mwanzo ni sehemu kubwa sana, ndiyo unayoilinda kuanzia leo.

Hapa lazima tuseme juu ya maziwa. Karibu kila mgodi, kila kiwanda cha saruji na kila mashine ya kukoboa ina mtu anayeamini kwamba nusu lita ya maziwa baada ya kazi husafisha vumbi kifuani, na wapo waajiri wanaogawa maziwa badala ya kununua pampu ya maji. Maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu hata tone. Ni chakula kizuri, yanywe kwa sababu hiyo. Asali na tangawizi hulainisha koo, basi. Pombe kali haiui vumbi. Inachofanya ni kudhoofisha kinga ya mwili na kuongeza hatari ya TB.

Hakikisha jina la ugonjwa

Kosa linalowagharimu wachimbaji wengi ni kutibiwa TB mara mbili au tatu kwa kutazama picha ya kifua peke yake. Silikosisi na TB zote hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na kwenye picha hufanana. Mtu anamaliza dawa, kikohozi kinabaki, anaambiwa TB imerudi, anaanza upya. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: anayejulikana kuwa na silikosisi anapata TB ya kweli, kila mtu anadhani ni lile vumbi lake la zamani, na kwa miezi kadhaa anawaambukiza watoto ndani ya nyumba.

Daktari anahitaji vitu vitatu: historia ya kazi, picha ya kifua, na uhakika kwamba si ugonjwa mwingine. Cha kwanza ni wewe tu unayeweza kukitoa, na mara nyingi huulizwi. Kiandike kabla ya kwenda. Chukua karatasi, andika kila kazi ya vumbi uliyowahi kufanya tangu ujana: mahali, mwaka ulioanza na ulioacha, ulikuwa ukichoronga, ukibeba, ukiponda au ukichekecha, mlitumia maji au kukavu, saa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki. Usiseme tu "nimefanya kazi mgodini". Anayechoronga kukavu kwa miaka 4 anaweza kuwa amevuta vumbi kuliko mlinzi wa getini wa miaka 20.

Picha iwe ya kifua kizima, uwe umesimama, umevuta pumzi hadi mwisho na kuishika. Ukivuta nusu, mapafu huonekana meupe kuliko yalivyo na msomaji anaweza kuona ugonjwa usiokuwepo. Msomaji aliyefundishwa mfumo wa Shirika la Kazi Duniani ataandika alama kama 0/1, 1/0, 1/1 au 1/2. Tarakimu ya kwanza ndiyo aliyoichagua, ya pili ndiyo nyingine aliyoifikiria kwa dhati. Mizani huanzia 0 hadi 3, na hatua ya mwanzo huwa kwenye kundi la 1. Vidoa vikiungana na kupita milimita 10 huitwa vivimbe vikubwa, na hapo si hatua ya mwanzo tena. Omba nakala ya picha yenyewe pamoja na maandishi yake, uitunze pakavu. Thamani yake ni kubwa miaka 3 baadaye, inapolinganishwa na mpya.

Makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB, hata kama umewahi kutumia dawa za TB. Ukiwa umezitumia karibuni, mwambie mpimaji, kwa kuwa kipimo hiki huweza kuona mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa. Toa makohozi ya asubuhi, yaliyotoka kifuani kwa kukohoa kwa nguvu. Mate hayana kazi. Pima na VVU siku hiyo hiyo. Silikosisi na VVU kila kimoja huongeza hatari ya TB, na vikikutana kwa mtu mmoja hatari hizo huzidishana.

Huduma za TB katika vituo vya serikali Tanzania ni bure. Kwa Mirerani na kanda ya kaskazini, hospitali ya Kibong'oto iliyoko Siha, Kilimanjaro, ina uzoefu mkubwa wa TB na magonjwa ya vumbi ya wachimbaji. Kanda ya Ziwa, uliza rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kutoka kwenye vumbi

Hakuna ushauri mwingine wenye uzito kama huu, na tunajua ni mgumu kuliko yote kwa sababu vumbi ndilo linalolipa ada ya shule. Lakini tazama hesabu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 kutoka machimbo madogo ya dhahabu Tanzania vilikuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa chini ya ardhi. Kikomo kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini wa Marekani ni 0.05. Hiyo ni zaidi ya mara 300. Barakoa nzuri ya N95 au FFP2, ikikaa usoni sawasawa, hupunguza vumbi unalolivuta mara 10 hivi. Ukiivaa shimoni bado unavuta zaidi ya mara 30 ya kikomo. Kwa hiyo mwenye silikosisi asijidanganye kwamba atachoronga kwa kuwa sasa ana barakoa. Kitambaa au leso iliyofungwa puani haihesabiki kabisa. Chembe hizi hupita katikati ya nyuzi.

Kama huwezi kuondoka mara moja, toka kwa ngazi. Cha kwanza kuacha ni kuchoronga kukavu na kazi ya karasha, leo. Cha pili ni kuingia shimoni baada ya mlipuko: usiwe miongoni mwa wanaorudi wa kwanza. Cha tatu ni kuchekecha na kumimina unga wa mawe kwenye viroba, kazi ambayo huonekana nyepesi na hupewa wanawake na vijana, kumbe unga ule ndio uliosagwa laini kuliko vyote. Zipo kazi za mgodi zisizo na vumbi au zenye vumbi dogo: kupika mbali na mashine, kutengeneza pampu na jenereta, kutunza vifaa na daftari la mgao, ulinzi upande upepo unakotoka, udalali wa madini. Wengi huhamia kuosha kwa sababu kuna maji. Ni afadhali kwa upande wa vumbi, ila hapo kuna zebaki, na ikichomwa kwenye karai wazi mvuke wake unaumiza mapafu na ubongo. Usitoke kwenye shimo la chui ukaingia la simba.

Ukiwa na sauti kwenye duara, maji ndiyo uwekezaji wa kwanza. Mashine ya kuchoronga ipitishiwe maji kwenye ncha, tone tone halitoshi. Tope litoke tunduni muda wote. Rundo la mawe lilowanishwe kabla ya koleo kuligusa, na tena kila uso mpya mkavu unapojitokeza. Kwenye karasha, maji yanyunyizwe mlangoni pa kuingizia jiwe na pale unga unapotokea. Wenye makarasha hulalamika kwamba jiwe bichi hunata. Punguza kiasi cha maji hadi unga uwe na unyevu usioelea, usiurudishe ukavu.

Barakoa ina kazi yake pale ambapo vumbi ni dogo au ni la muda mfupi, kwa mfano kupita karibu na karasha. Iwe na kamba mbili, moja juu ya masikio na nyingine chini, na chuma cha puani kibanwe kwa vidole viwili hadi kifuate umbo la pua. Funika barakoa kwa viganja, pumua nje kwa nguvu. Ukihisi hewa machoni au mashavuni, haijakaa. Ndevu hata za siku mbili hufungua njia pembeni, kwa hiyo nyoa. Itupe ikiloa, ikichakaa kamba, au pumzi ikianza kuwa nzito. Usiifue: maji na sabuni huharibu chaji ya umeme tuli inayonasa chembe, na baada ya hapo una kitambaa ghali.

Nguo za kazi zibaki kazini. Kama haiwezekani, zivue nje, zitumbukize kwenye ndoo ya maji kabla ya kuzikung'uta, na zifuliwe peke yake. Usizipulize kwa hewa ya kompresa. Ni njia ya haraka kabisa ya kujimwagia vumbi usoni. Oga na uoshe nywele kabla hujamshika mtoto.

Mlango wa TB

Mwenye silikosisi yuko katika hatari ya kupata TB mara 3 au zaidi ya mwenzake asiye nayo, na hatari hiyo haiishi akiacha kazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wenye silikosisi wapimwe TB iliyojificha, yaani vijidudu vimo mwilini lakini mtu bado hajaugua, na wapewe dawa ya kinga. Wewe ndiye utakayelazimika kuuliza, kwa sababu katika vituo vingi dawa hii huzoeleka kwa wenye VVU na watoto waliokaa na mgonjwa. Sema wazi: "Nina silikosisi, naomba nifikiriwe kwa dawa ya kinga ya TB."

Kabla ya kuanza ni lazima TB hai iondolewe kwa makohozi. Dawa ya kinga ni chache mno kwa TB inayowaka, na ukiitumia hivyo unawafundisha vijidudu kuwa sugu. Mipango inayotumika sana ni miwili: isoniazidi kila siku kwa miezi 6, mtu mzima kwa kawaida miligramu 300, pamoja na vitamini B6, au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Huo wa pili hugeuza mkojo na jasho kuwa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara, lakini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na hugongana na baadhi ya dawa za VVU, hivyo taja kila unachokitumia. Katika mpango wowote, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukitapika na kukosa hamu ya kula, acha dawa na uende kituoni siku hiyo. Pombe acha kwa kipindi chote; ini halibebi vyote viwili.

Ukipatikana na TB hai, ijulikane kwamba una silikosisi. Makovu huzuia dawa kufika vizuri, na daktari anaweza kurefusha matibabu kupita miezi 6. Usishangae wala usikatishe.

Kuanzia hapo, kikohozi kinachobadilika kwa zaidi ya wiki 2, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, au kilo zinazopungua bila kujinyima ni sababu ya kutoa makohozi upya. Na tafadhali usijinunulie antibiotiki dukani. Dawa za jamii ya siprofloksasini na levofloksasini huituliza TB kwa siku chache bila kuimaliza, kipimo kinachelewa kuiona, ugonjwa unaenea. Predinisoloni, ile inayouzwa kwa "kufungua kifua", hushusha kinga na kuifungulia TB mlango. Watu hujisikia vizuri siku tatu na ndiyo sababu huirudia.

Kujipima na kupimwa

Kila mwaka fanya spirometri, kipimo cha kupuliza. Siku hiyo usivute sigara, usile ukashiba sana, usivae mkanda wa kubana. Utavuta pumzi hadi mwisho kabisa, uzibe midomo kwenye bomba, ulipue hewa yote kwa nguvu na uendelee kusukuma sekunde 6 hivi hata ukidhani imeisha. Hurudiwa angalau mara 3, na matokeo yanapaswa kukaribiana. Wengi huharibu kwa kuanza taratibu au kuacha mapema. Mwambie mpimaji akuonyeshe kwanza. Katika silikosisi ya mwanzo majibu yanaweza kuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ni habari njema yenye kazi: ndiyo kiwango chako cha kuanzia. Omba karatasi. Mtu mzima hupoteza kama mililita 30 kwa mwaka katika hewa anayoweza kuipuliza ndani ya sekunde ya kwanza, kwa umri tu. Ikiwa mwaka jana ulipuliza lita 3.40 na sasa ni 2.85, umepoteza asilimia 16 ndani ya mwaka mmoja. Hapo kuna jambo la kutafutwa, hata kama mpimaji anasema bado uko "ndani ya kawaida". Picha ya kifua hurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, au mapema dalili zikibadilika.

Nyumbani, daftari la shilingi chache linatosha. Chagua njia tambarare yenye mwanzo na mwisho unaoujua, mfano kutoka mwembeni hadi kanisani na kurudi. Mara moja kwa mwezi, saa ileile, itembee kwa mwendo wako wa haraka na uandike dakika, umesimama mara ngapi, na uzito wako. Andika pia pumzi yako iko ngazi gani: inakatika kwa kazi nzito tu, inakatika ukiharakisha au ukipanda kilima, unaachwa nyuma na watu wa umri wako kwenye tambarare, unasimama baada ya mita 100 hivi, au unahema ukivaa nguo. Pumzi ikishuka hadi ngazi mbaya zaidi ndani ya miezi michache, nenda na daftari hospitali. Daktari anayeona maandishi ya miezi 8 hufanya uamuzi tofauti na anayesikia "nachoka siku hizi".

Kifaa cha kidoleni cha oksijeni kinafaa ila si cha lazima katika hatua hii. Ukinacho, kaa umetulia dakika 5, mkono uwe na joto, kucha zisiwe na hina wala rangi, na usubiri namba itulie. Kawaida ni 95 hadi 100. Chini ya 92 muone daktari siku hiyo. Chini ya 90 ni dharura. Ujue kwamba vifaa hivi huweza kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mwili ukikuambia hali ni mbaya na namba ikasema 94, usikilize mwili.

Pumzi na mazoezi

Anayehisi pumzi inakatika huanza kukaa. Akikaa, misuli ya miguu hulegea, misuli iliyolegea hutumia oksijeni vibaya, naye huhema zaidi kwa kazi ndogo. Baada ya mwaka anadhani mapafu yameharibika, kumbe sehemu kubwa ni miguu. Hili linaweza kurekebishwa.

Tembea siku 5 kwa wiki. Wiki ya kwanza dakika 10, kisha ongeza dakika 3 kila wiki. Wiki ya 8 utakuwa umefika nusu saa. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima lakini si kuimba. Ukiugua mafua, punguza, halafu rudi wiki mbili nyuma ya pale ulipoishia. Siku 3 kati ya hizo, kaa kitini na usimame bila kushika mikono mara 10, pumzika, rudia mara 3. Chupa mbili za maji za lita moja zinatosha kunyanyulia mikono. Usitembee kando ya barabara ya vumbi saa ya malori.

Pumzi ikikatika, usivute kwa pupa. Vuta puani taratibu ukihesabu 2, kisha toa kwa midomo iliyokunjwa kama unapuliza uji wa moto, ukihesabu 4. Midomo ile huzuia njia ndogo za hewa zisijifunge mapema na hewa chakavu hutoka. Egemea mbele, mikono juu ya magoti au juu ya meza. Mabega yatashuka yenyewe. Katika kazi, pumzi itoke wakati wa nguvu: unapoinua ndoo, unapopanda ngazi. Dumu la lita 20 ligawe kwenye madumu madogo ya lita 5 na uende mara nyingi zaidi. Wazee wa kijijini watakutazama, acha watazame.

Pampu ya kifua

Si kila mwenye silikosisi anaihitaji pampu hii ya kuvuta dawa. Hutolewa pale kipimo cha kupuliza kinapoonyesha njia za hewa zimebana, na hasa kwa anayevuta sigara. Kosa la kawaida ni kupulizia ulimi. Kopo la kati, linalokaa kati ya pampu na mdomo wako, husaidia, na chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi hiyo vizuri: ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, toboa kitako kwa waya wa moto kwa kufuata umbo la mdomo wa pampu, ingiza pampu na uzibe pembeni kwa gundi ya utepe. Tikisa pampu, toa pumzi, funga midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, vuta polepole hadi mwisho, shika hadi 10. Ukishindwa kushika, pumua ndani ya chupa mara 5 kwa kawaida. Subiri nusu dakika kabla ya kubonyeza tena. Mbonyezo mmoja kwa wakati. Miwili pamoja huishia kwenye kuta za chupa. Kama pampu yako ina dawa ya kuzuia uvimbe, sukutua na uteme baada ya kutumia, la sivyo utaota utando mweupe mdomoni.

Hewa ya nyumbani

Sigara iishe, pamoja na shisha na bangi. Silika peke yake imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani, tangu 1997. Ukiongeza tumbaku hatari hupanda zaidi. Jiko la kuni litoke ndani, au angalau anayepika asiwe mwenye ugonjwa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku hata kwa baridi ya Mbulu. Dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe kwa chandarua. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya ufagio, na vitanda vipanguswe kwa kitambaa kibichi. Kama nyumba iko upande upepo wa karasha unakoelekea, ndiyo bado unakula vumbi usiku kucha. Kuhamia upande wa pili wa kijiji ni sehemu ya matibabu. Uliza hospitali kubwa kuhusu chanjo ya mafua ya kila mwaka na ile ya nimonia.

Wakati wa kukimbia hospitali

Damu kwenye makohozi, hata kidogo. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua pamoja na kuhema: pafu linaweza kuwa limepasuka na hewa inalibana. Midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa, kushindwa kumaliza sentensi. Miguu kuvimba si jambo la usiku huo, lakini ni la wiki hiyo; vivyo hivyo viungo kuvimba asubuhi, ngozi ya vidole kukaza na vidole kuwa vyeupe kwenye baridi, au mkojo kuwa na povu, kwa sababu silika huweza kuchochea magonjwa ya viungo, ngozi na figo.

Haki yako

Aliyeajiriwa Tanzania analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, inayosimamiwa na mfuko wa WCF, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo, si ajali tu. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mara daktari anapotaja ugonjwa, baki na nakala yenye mhuri na tarehe, kisha ufuatilie WCF mwenyewe bila kungoja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri apime afya za wafanyakazi. Dai nakala ya majibu yako, na usitoke kazini bila kupimwa. Wa Kenya wanatumia sheria yao ya fidia kwa majeraha na magonjwa ya kazini, WIBA ya 2007.

Mchimbaji mdogo asiye na mkataba kwa kawaida hana mlango huo. Lakini hata yeye asitupe kitambulisho cha mgodi, daftari la mgao, wala picha ya zamani ya kifua. Mwenye duara akikuomba usaini karatasi inayosema ulikuja ukiwa mgonjwa tayari, usisaini siku hiyo. Chukua nakala, mpe mtu unayemwamini aisome, na uulize kwanza ofisi ya kazi ya wilaya.